Je, Sayansi Yaweza Kumpima Mungu?



Kila mwalimu wa sayansi amepata kuwapandisha watoto maharage katika makopo mawili. Moja hutiwa maji, la pili halitiwi; udongo ni ule ule na jua ni lile lile. Hivyo hujulikana kazi ya maji. Je, kwa njia hii twaweza kujua kama Mungu yupo?

Huko Marekani walijaribu jambo la karibu na hilo. Mwaka 2006 daktari Herbert Benson na wenzake walitangaza uchunguzi wa wagonjwa 1,802 waliofanyiwa upasuaji wa mishipa ya moyo katika hospitali sita. Waligawanywa mafungu matatu. La kwanza waliombewa, la pili hawakuombewa, wala wote hao hawakuambiwa wamo lipi. La tatu waliombewa na wakaambiwa. Waombaji walipewa jina la kwanza la mgonjwa na herufi ya jina la ukoo, wakaomba siku 14. Waliopata matatizo baada ya upasuaji walikuwa 52 kwa mia katika fungu la kwanza, 51 katika la pili, na 59 katika la tatu.

Tusiyakimbie matokeo hayo. Kama yangalitupendelea, tungaliyatangaza mimbarani! Lakini na tuulize: lile kopo kavu lilikuwa kavu kweli? Wagonjwa “wasioombewa” walikuwa na mama, wake na majirani. Nani aliwazuia hao kupiga magoti? Tena maji hayana hiari. Ukiyamwaga, yatalowesha. Mungu tunayemwamini husikia, kisha huamua mwenyewe. Shetani alipomtaka Bwana wetu ajitupe kutoka kinara cha hekalu, alitaka jaribio la namna hiyo, naye akakataa (Mathayo 4). Gideoni alipewa ishara ya ngozi, ndiyo, lakini aliiomba mara ya pili kwa kutetemeka (Waamuzi 6).

Basi kilichopimwa si Mungu, bali ni wazo kwamba sala hufanya kazi kama kidonge. Wazo hilo halikuthibitika, na wako wengi kwetu wanaolishika.

Lile fungu la tatu latuhusu zaidi. Mmoja wa madaktari hao alidhani kwamba huenda wagonjwa waliingiwa na hofu, wakifikiri hali yao ni mbaya hata imebidi kuitiwa waombaji. Nasi tunapoingia wodini watu kumi, na vitabu vyetu vya nyimbo, mgonjwa huwaza nini?