Umeme Dhidi ya Uvimbe wa Ubongo: Kilichothibitishwa na Kinachosalia Kuwa Jaribio

Familia inapopata habari kwamba mmoja wao ana uvimbe wa ubongo, swali la kwanza huwa ni iwapo lazima kichwa kipasuliwe. Siku hizi swali la pili hufuata upesi: vipi kuhusu ile mashine ya umeme iliyoonekana kwenye simu, inayosemekana kutibu bila kisu wala dawa? Somo la afya la toleo hili linaeleza mashine hizo hufanya nini, ipi imethibitishwa, ipi bado inajaribiwa, na mgonjwa wa hapa kwetu afanye nini.

Aina za uvimbe

Si kila uvimbe wa ubongo ni saratani. Meninjioma, kwa mfano, huota kwenye utando unaofunika ubongo. Mara nyingi si saratani, hukua polepole, na wagonjwa wengi hupona baada ya upasuaji. Kuna pia uvimbe unaotokana na saratani iliyoanzia kwingine, kama vile kwenye titi au pafu, kisha ikasambaa hadi kichwani.

Ulio mkali zaidi kati ya unaoanzia ndani ya ubongo wa watu wazima huitwa glioblastoma. Hukua kwa kasi na kupenyeza seli zake katikati ya sehemu zenye afya, kiasi kwamba daktari hawezi kuung'oa wote bila kumwacha mgonjwa na ulemavu. Tangu 2005, matibabu yake ya kawaida yamekuwa upasuaji, kisha mionzi kwa takriban wiki 6 pamoja na dawa ya temozolomide. Hata baada ya hayo yote, uvimbe huu kwa kawaida hurudi. Ndiyo maana wanasayansi wanatafuta njia za kuongezea.

Sumaku inayomwongoza daktari

Mnamo 1985, Anthony Barker na wenzake mjini Sheffield, Uingereza, walionyesha kwamba sumaku inaweza kuchochea ubongo kutoka nje ya fuvu. Koili huwekwa juu ya kichwa na kutoa nguvu za sumaku kwa kipindi kifupi mno. Nguvu hizo huzalisha umeme kidogo ndani ya ubongo. Ikiwekwa juu ya sehemu inayoongoza mkono, vidole hutikisika vyenyewe.

Madaktari wa upasuaji hutumia njia hii kuchora ramani ya ubongo kabla ya operesheni, ili wajue sehemu za kusogeza viungo na za kuzungumza ziko wapi na wasizikate. Hapa mashine haitibu uvimbe. Kazi yake ni kumsaidia daktari kuutoa uvimbe bila kumnyima mgonjwa uwezo wa kutembea au kuongea.

Umeme wa kupunguza damu

Njia ya pili ni kupitisha umeme hafifu kichwani kupitia elektrodi zinazobandikwa kwenye ngozi. Uvimbe unahitaji damu nyingi ili ukue, hivyo watafiti walijiuliza: je, umeme unaweza kuupunguzia damu hiyo?

Mnamo 2019, watafiti wa Italia na Marekani walichapisha majibu yao ya kwanza katika jarida la Science Advances. Waliwapa umeme huo wagonjwa 8 wenye glioblastoma au saratani iliyosambaa hadi kwenye ubongo, huku wakipima mtiririko wa damu kwa mashine ya MRI. Elektrodi zilipangwa kulingana na mahali uvimbe wa kila mgonjwa ulipokuwa. Damu iliyoingia kwenye uvimbe ilipungua, na hakuna aliyepata madhara.

Habari hizo zilizua matumaini, lakini ni vyema zieleweke zilivyo. Wagonjwa walikuwa 8 pekee. Kilichopimwa ni mtiririko wa damu, si iwapo uvimbe ulisinyaa wala iwapo mgonjwa aliishi muda mrefu zaidi. Huo ni mwanzo wa utafiti, na haujawa tiba.

Kifaa kilichothibitishwa

Njia ya tatu imefika mbali zaidi. Inatumia umeme unaobadili mwelekeo mara 200,000 kwa sekunde. Kasi hiyo ni kubwa mno kiasi kwamba neva haziwezi kuifuata, kwa hivyo umeme huu hauchochei ubongo kama zile njia mbili za kwanza. Unachovuruga ni seli inayojigawa. Seli ikitaka kuwa mbili, hupanga sehemu zake za ndani kwa utaratibu maalum, na baadhi ya sehemu hizo zina chaji ya umeme. Utaratibu huo ukivurugika, seli inaweza kufa. Seli za saratani hujigawa sana, ilhali neva za ubongo wa mtu mzima hazijigawi.

Kifaa chenyewe kinaitwa Optune. Mgonjwa hunyoa nywele, hubandika mabandiko manne kichwani na kubeba betri kwenye mkoba. Hushauriwa kukivaa angalau saa 18 kila siku, hata akiwa amelala. Marekani iliidhinisha kifaa hicho mnamo 2011 kwa uvimbe uliorudi, na mnamo 2015 kwa wagonjwa wapya.

Utafiti mkubwa wa wagonjwa 695, ambao matokeo yake kamili yalichapishwa 2017, ulilinganisha makundi mawili baada ya mionzi. Waliotumia dawa pekee waliishi kwa wastani wa kati wa miezi 16. Waliotumia dawa pamoja na kifaa waliishi miezi 20.9. Baada ya miaka 5, waliokuwa hai walikuwa takriban 5 kwa kila 100 katika kundi la kwanza, na 13 kwa kila 100 katika kundi la pili. Tatizo lililojitokeza zaidi lilikuwa muwasho wa ngozi ya kichwa.

Nyongeza hiyo ni ya kweli, lakini si uponyaji. Ilipatikana kwa wagonjwa waliokuwa wamemaliza mionzi na walioendelea na dawa, si walioviacha. Gharama nayo ni kubwa: mnamo 2018, taasisi inayoshauri huduma ya afya ya umma nchini Uingereza ilipendekeza kisitolewe kwa kuwa bei yake haikulingana na manufaa.

Mwananchi afanye nini?

Kwa mkazi wa kaunti, kinachookoa maisha zaidi ni kufika hospitalini mapema. Dalili za kuchukuliwa kwa uzito ni hizi:

• Maumivu ya kichwa yanayozidi kila wiki, hasa asubuhi, pamoja na kutapika.
• Kifafa kinachomwanza mtu mzima ambaye hajawahi kukipata.
• Mkono au mguu wa upande mmoja kuishiwa nguvu.
• Kuona ukungu, kuona vitu viwiliviwili au kushindwa kutamka maneno.
• Tabia kubadilika bila sababu.

Dalili hizi si lazima ziwe za uvimbe, wala si ishara ya kurogwa. Mgonjwa afike kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, apewe rufaa hadi hospitali ya kaunti na, ikihitajika, hadi hospitali za kitaifa kama vile Kenyatta jijini Nairobi au ile ya Moi, Eldoret. Kujisajili na SHA kabla ya kuugua hupunguza mahangaiko ya dakika za mwisho.

Yeyote anayeuza kifaa cha umeme au sumaku kwa ahadi ya kuponya uvimbe wa ubongo aulizwe maswali matatu: kimeidhinishwa na nani, kimejaribiwa kwa wagonjwa wangapi, na je, anamtaka mgonjwa aache mionzi au dawa? Jibu la swali la tatu likiwa ndiyo, mgonjwa aondoke. Zaidi ya pesa kupotea, kuchochewa ubongo bila uangalizi wa daktari kunaweza kumletea kifafa mtu ambaye tayari yumo hatarini kwa sababu ya uvimbe, na wiki zinazopotea haziwezi kurudishwa.