Meko ya Sebuleni Yasiyowashwa Tena

Nyumba nyingi zilizojengwa Lushoto enzi za Wajerumani, na Limuru enzi za Waingereza, zina meko ya kuotea moto kwenye ukuta wa sebule. Siku hizi mengi hayawashwi, nayo ni nafasi nzuri ya rafu ya vitabu, kabati la vyombo au vyungu vya maua. Lakini kazi ianzie juu ya paa.

Dohani iliyokaa miaka bila moto hukaliwa na ndege, popo na nyuki. Mwite fundi aisafishe kwanza. Nyuki wakiwemo, mtafute mfugaji nyuki awahamishe. Usiwafukize kwa moto, kwani nta na masega hushika moto upesi. Kisha dohani ivalishwe kofia ya bati yenye wavu pembeni, mvua isiingie na hewa ipite. Kuiziba kwa saruji juu na chini ni kosa kubwa: unyevu hufungiwa ndani, ukuta ukaota ukungu na rangi ikabanduka. Hata ukifunika mdomo wa meko kwa ubao, acha tundu la hewa lenye wavu.

Masizi yaliyoingia kwenye matofali hutoa madoa ya kahawia yanayopenya hata rangi mpya. Ni afadhali kutengeneza sanduku la mbao na kulisukuma ndani ya shimo, vitabu visiguse tofali. Na ukipanga kuni za pambo, zikague: mchwa huingia nazo.

Usibomoe ukuta wa meko ili kupanua sebule. Dohani yote iliyo juu, mpaka paani, imeukalia ukuta huo. Muulize mhandisi, na kama umepanga, mwenye nyumba.

Mtungi wa gesi usiwekwe ndani ya meko. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama chini, shimoni. Jiko la mkaa nalo ni hatari zaidi, maana watu huona dohani wakadhani moshi utapanda. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Ukishafunga dohani, andika kwa rangi ndani ya meko: DOHANI IMEFUNGWA, USIWASHE MOTO. Mwambie pia kila mpangaji anayeingia baada yako.