Kichupa cha Friza Hakimfai Mjomba

Mdogo wangu wa maabara, barua yako nimeisoma mpaka mwisho. Mjomba ana saratani ya figo iliyokwisha kusambaa hadi kwenye mapafu. Kazini kwenu friza ina interleukini-2 ya binadamu, na umesoma kwamba protini hiyohiyo ni dawa ya saratani hiyo. Unaniuliza kama ni dhambi kuchukua kichupa kimoja. La dhambi kamuulize shehe au padri wako. La kichupa nakujibu mimi: usithubutu kumchoma mjomba.

Wala sikucheki, maana ulichosoma ni kweli. Interleukini-2 ndiyo protini inayoziamsha seli T za kinga zizaliane. Watafiti wa Marekani waliigundua mwaka 1976, na mwaka 1983 Tadatsugu Taniguchi na wenzake kule Japani wakaipata jeni yake. Baada ya hapo kazi ya kuitengeneza wakapewa bakteria. Mwaka huohuo wa 1983, Paris, kina Françoise Barré-Sinoussi waliitumia kuotesha seli za mgonjwa, na humo ndimo walimokikuta kirusi cha UKIMWI. Kichupa chako kina heshima zake! Mwaka 1992 Marekani ikaidhinisha aina yake iitwayo aldesleukini kwa saratani ya figo iliyosambaa.

Lakini usidhani aldesleukini ina asili bora. Nayo hutengenezwa na E. coli, kama nyingi za kwenye mafriza ya watafiti. Ukuta wa bakteria huyo una sumu, endotoksini, ambayo ikiingia kwenye damu huleta homa kali na kuporomosha presha. Kiwanda cha dawa kinawajibika kupima sumu hiyo katika kila toleo na kuhakikisha halina vijidudu. Anayeuza vifaa vya utafiti anakuahidi kwamba seli zako zitaota kwenye sahani, basi. Tena kasome karatasi iliyokuja na mzigo. Mara nyingi huongezwa albumini ya ng'ombe ili protini isinate kwenye kuta za plastiki. Kwenye sahani haina neno. Kwenye mshipa wa mtu mgonjwa, hiyo ni protini ya mnyama inayoweza kumletea mzio.

Hesabu nayo inakukatalia. Dozi kubwa iliyoidhinishwa ni uniti 600,000 kwa kila kilo ya mwili, kila baada ya saa 8, hadi mara 14. Mjomba akiwa na kilo 60, dozi moja ni uniti milioni 36. Kichupa cha mikrogramu 50, hata kingekuwa na nguvu sawa na dawa yenyewe, hakifikishi uniti milioni moja. Ungehitaji vichupa zaidi ya 40 kwa sindano ya kwanza tu.

Na ungevipata, ndipo ningeogopa zaidi. Dozi hiyo hufanya mishipa midogo ivuje: maji yanahamia kwenye mapafu na tishu, presha inashuka, figo zinagoma. Ndiyo maana hutolewa hospitalini tu, wataalamu wa wagonjwa mahututi wakiwa karibu. Pamoja na mateso yote hayo, uvimbe ulipungua kwa wagonjwa wapatao 15 katika kila 100. Wachache kati yao walipona kabisa kwa miaka mingi, na hao ndio uliosoma habari zao. Mimi siwalaumu walioandika, ila wale 85 nao walikuwa na wajomba na wapwa.

Siku hizi madaktari wengi huanza na dawa nyingine: vidonge vinavyoubana mtandao wa damu wa uvimbe, au kingamwili kama nivolumabu. Kwa hiyo msindikize mjomba kliniki, iwe hospitali ya saratani ya Ocean Road au popote anapotibiwa, ukiwa na majibu yake ya kipimo cha nyama na picha za CT mkononi. Muulize daktari: hii ni aina gani ya saratani ya figo? Dawa ipi kati ya hizi inapatikana hapa, na bima inalipa kiasi gani? Kama haipatikani, kuna majaribio ya tiba anayoweza kuingizwa kihalali? Na maumivu yake yanatulizwa na nani kuanzia leo? Hilo la mwisho usilisahau, hata kama mzee mwenyewe anasema haumwi.