SOMO: KUZUNGUSHA DAMU PASIPO UMEME

Wakati ulikuwa mutoto ulicheza na kifungo na uzi. Unapitisha uzi katika matundu mawili, unausokota, unavuta kwa mikono yote miwili, na kifungo kinazunguka mbio mpaka kinalia. Somo letu ni lile lile.

Mwaka 2013 Manu Prakash, mwalimu wa chuo cha Stanford, Marekani, alitembelea Uganda. Akaona mashini ya kuzungusha damu inazuia mlango usijifunge, sababu umeme hakuna. Wewe unayetumika katika kituo mbali na Kasaji hutashangaa. Mwaka 2017 yeye na wenzake wakatangaza kifaa chao: karatasi ya duara, uzi, na vijiti viwili vya kushika. Uzito gramu 2, bei senti 20 za dola. Kinafika mizunguko 125,000 kwa dakika, na kwa dakika moja na nusu maji ya damu yametengana.

Kwa nini yatengane? Kitu kinachozungushwa kinasukumwa upande wa inje, na kilicho kizito kinatangulia. Chembe nyekundu ni nzito kuliko maji yake, basi zinajipanga mwisho wa kamrija ka kioo. Unapima urefu wa nyekundu, unaulinganisha na urefu wa damu yote. Mutoto wa malaria akiwa na 15 kwa mia ao chini, damu imepunguka sana. Asirudi nyumbani.

Sasa sikia vizuri. Ukiacha kuzungusha mbele ya wakati, chembe hazijashikamana, nyekundu inabaki ndefu, nawe utasoma 20 mahali pa 15. Mutoto anarudishwa mgongoni mwa mama yake. Karatasi haikukosa, mikono ndiyo ilichoka. Wanafunzi wangu nawaambia: soma, zungusha tena, soma tena. Kama nyekundu imeshuka, kipimo cha kwanza ukitupe.

Kwa mkojo pia wako na kifaa. Watu wa Korea ya Kusini walitengeneza kidude kinachozunguka juu ya kidole. Vidudu vinabaki kwenye chujio, rangi inavionyesha. Mwaka 2020 walitangaza majaribio yake kwa wagonjwa 39 huko Tiruchirappalli, India.

Ziba kamrija vizuri, vaa kinga za mikono. Kioo kikipasuka, damu inaruka machoni. Na mama aliyetoka damu nyingi saa hii hii, nyekundu yake inaweza kuonekana nzuri bado. Huyo umshike mukono kwanza, uhesabu mapigo ya moyo.