Somo la 9: Watoto wa Kulea Wanapopigana



Hapa Gongoni, kama mahali pengi mkoani Tabora, watoto waliofiwa hulelewa na bibi, shangazi au mjomba. Hiyo ni desturi njema. Lakini ina matatizo yake.

Tuseme unalea watoto wawili wa marehemu dada yako. Mkubwa ana miaka 12, mdogo miaka 8. Jana waligombea michembe. Leo mkubwa amempiga mdogo kwa mwiko mpaka damu imetoka. Majirani wanasema, "Wagawe. Mmoja mpeleke kwa mjomba wake." Utafanya nini?

Kwanza, tafuta sababu. Mtoto aliyepoteza wazazi huogopa kupoteza tena, hata chakula. Tena, huenda mkubwa ndiye aliyempikia na kumwogesha mdogo wake mama yao alipougua. Kazi hiyo sasa ni yako, lakini yeye bado anamwamuru mdogo kwa ngumi. Hajui kuwa ametuliwa mzigo.

Fanya hivi:

1. Wakipigana, waamue mara moja. Usiwachape. Fimbo hufundisha kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki.

2. Mpe kila mmoja kitu chake: sahani, shuka, mahali pa kulala.

3. Zungumza na kila mmoja peke yake. Mwambie mkubwa, "Mlezi ni mimi. Wewe nenda ukacheze."

4. Usiwalinganishe na watoto uliowazaa.

5. Mmoja akiumizwa au akiishi kwa hofu, mwone Afisa Ustawi wa Jamii. Unaweza pia kupiga simu namba 116 bila malipo.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Basi hata anayepiga ni mtoto. Naye anahitaji msaada.

Usikimbilie kuwagawa. Kila mmoja ndiye aliyebaki wa kukumbuka na mwenzake sauti ya mama yao.

Wahenga walisema, "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime." Kwa watoto hawa, weka jembe chini kwanza. Kaa nao.

Maswali ya mazungumzo

1. Kwa nini mtoto mkubwa alimpiga mdogo wake?
2. Je, kuwagawa watoto hawa kungemaliza ugomvi? Eleza.
3. Kijijini kwenu, mlezi aliyechoka husaidiwa na nani?