Somo: Kugawana Sawa na Kugawana kwa Haki



Mama hagawi chakula kwa kuhesabu vichwa tu. Humtazama pia mtoto aliyetoka kuugua na yule aliyeshinda njaa. Swali la haki katika kugawa fedha za taifa ni hilo hilo.

Tulikotoka

Kenya ilipata uhuru mwaka 1963 ikiwa na katiba ya majimbo. Kufikia mwisho wa 1964 mfumo huo ulikuwa umefutwa. Mwaka 1965 serikali ilitoa waraka wa sera, Na. 10, ulioelekeza fedha za maendeleo mahali penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme, ili zizae haraka. Kaskazini kukavu kukabaki nyuma.

Katiba ya 2010

Katiba hii haikurudisha majimbo, bali iligawa madaraka kati ya serikali kuu na kaunti 47. Kaunti zote kwa pamoja zinastahili angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Aidha, asilimia 0.5 huwekwa katika Mfuko wa Usawazishaji, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa.

Ubishi wa 2020

Mwaka 2020 Seneti ilikwama kwa wiki nyingi. Wengine walidai "mtu mmoja, shilingi moja". Lakini tazama: katika sensa ya 2019 Kiambu ilikuwa na watu zaidi ya milioni 2.4, na Turkana haikufika milioni 1. Hata hivyo Turkana ni kubwa kuliko Kiambu zaidi ya mara 20. Kumfikishia mgonjwa dawa huko ni gharama nyingine kabisa. Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Mwezi Septemba walipatana kwamba kanuni mpya isubiri hadi fungu la kaunti liongezwe, ili pasiwe na kaunti itakayopunguziwa.

Wajibu wetu

Fedha zikifika kaunti, haki haijakamilika. Zaweza kuishia makao makuu. Sheria ya fedha za umma ya 2012 iliunda Jukwaa la Bajeti na Uchumi katika kila kaunti, na makundi ya kidini yana uwakilishi humo. Nafasi hiyo tusiiache wazi.

Maswali ya kujadili

1. Nani anatuwakilisha katika jukwaa la kaunti yetu?
2. Ni kijiji gani katika parokia yetu hakijaonja fedha za kaunti?
3. Je, sisi wenyewe tunagawa miradi kwa haki kati ya vigango?