Hesabu zimemwangusha tena: aache?

SWALI: Msomaji wa Kiwalani, Dar es Salaam, anakaanga chapati alfajiri na kusoma jioni. Anautaka uhasibu, lakini amerudia mtihani wa kidato cha nne na hesabu zimemwangusha tena. Aache?

JIBU: Asiache, ila asirudie kwa mtindo uleule.

Amfikirie mwanariadha wa Tanzania Filbert Bayi. Alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch, New Zealand, Februari 2, 1974, kwa dakika 3:32.16. John Walker, mwenyeji, alikuwa nyuma yake. Pambano lao la marudio kwenye Olimpiki ya Montreal 1976 lilisubiriwa kwa hamu. Tanzania ikaisusia michezo hiyo pamoja na nchi nyingine za Afrika, kwa kuwa timu ya raga ya New Zealand ilizuru Afrika Kusini ya makaburu. Walker akajichukulia dhahabu. Hilo linauma, kwani Bayi hakukosea lolote.

Moscow 1980 alikuja na mbio nyingine: mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Aliongoza kwa kasi hadi Bronisław Malinowski wa Poland alipompita mzunguko wa mwisho. Bayi akapata medali ya fedha, na Mtanzania mwenzake Suleiman Nyambui akapata yake katika mita 5,000. Tangu hapo Tanzania haijapata medali nyingine ya Olimpiki.

Msomaji naye abadili maandalizi. Baraza la Mitihani huchapisha uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali, likionyesha wengi walipokosea. Aanze na mada moja, kalamu mkononi, kabla ya kulipa ada nyingine ya tuisheni.